Ratiba ya Mgodi Inapokwamishwa na Joto: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu nimewaandikia wapangaji wa uzalishaji wa migodi ya chini ya ardhi, hususan wale ambao, kama mimi, huchora ratiba wakiwa Dar es Salaam na kuzituma Kanda ya Ziwa, ambako watu wengine ndio watakaoshuka mita mamia kuzitekeleza. Umbali huo una athari yake. Mpangaji huona tani, mita za handaki na idadi ya malori, lakini joto halina safu katika jedwali lake. Kwa hiyo linapojitokeza huandikwa kama tukio la bahati mbaya, au kama udhaifu wa mfanyakazi fulani aliyezidiwa. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya joto linalowatesa watu chini ya ardhi tumeipanga sisi wenyewe: imo katika idadi ya mashine tulizozikusanya mahali pamoja, katika bomba la hewa tulilosahau kulirefusha, na katika siku tuliyomrudisha mtu kazini kutoka likizo. Matatizo yaliyomo humu nimeyapanga kufuata dalili zinavyoonekana kwenye ripoti za zamu, na katika kila dalili tutatafuta chanzo ndani ya ratiba kabla ya kukitafuta ndani ya mtu.

Ikiwa mtu amezidiwa sasa hivi

Acha ratiba kwanza. Mfanyakazi anayelalamikia kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, lakini anazungumza akili yake ikiwa timamu, yuko katika uchovu wa joto: aondolewe mahali hapo, akae penye hewa baridi, anywe maji taratibu, na asirudi kazini katika zamu hiyo hata akisema amepata nafuu. Anayechanganyikiwa, anayejibu maswali ovyo, anayepepesuka au kupoteza fahamu, na ambaye joto la mwili wake limepita nyuzi 40, ana kiharusi cha joto, na muda wa kumwokoa huhesabiwa kwa dakika. Huenda bado anatoka jasho, kwa hiyo ngozi iliyolowa isimpe mtu yeyote matumaini. Avuliwe mavazi mazito, alowanishwe kwa maji mengi au aingizwe ndani ya maji baridi, apepewe bila kukoma, na asinyweshwe kitu iwapo hana fahamu. Apozwe kwanza hapo hapo alipo. Safari ya kumpandisha juu ifuate baadaye, kwa sababu nusu saa ndani ya gari lenye joto yaweza kuwa ndiyo nusu saa iliyomuua.

Kuna kosa ambalo katika nchi yetu ni rahisi mno kulifanya. Mtu mwenye homa, maumivu ya kichwa na kutapika hudhaniwa ana malaria, na hupelekwa kupanga foleni ya kipimo. Kipimo cha haraka cha malaria kina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni baada ya kuanza kumpoza. Hata majibu yakionyesha vimelea, hayafuti kiharusi cha joto, kwa maana mtu aliyeshuka mgodini tayari akiwa na homa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa na joto kuliko mwenzake aliye mzima.

Kabla ya kutafuta chanzo, hakikisha unapima joto linalostahili kupimwa

Mkazi wa Dar es Salaam anajua, pengine bila kufikiri, kwamba nyuzi 32 za Dodoma na nyuzi 32 za Kariakoo mwezi Februari si joto moja. Dodoma jasho hukauka likiwa bado mgongoni. Kariakoo shati hulowa likabaki limelowa, kama nguo iliyoanikwa siku ya masika. Mwili hujipoza jasho linapogeuka mvuke, na hewa iliyokwisha kujaa unyevu hailipokei jasho hilo. Handaki la mgodi lenye maji na moshi wa dizeli linafanana na Kariakoo ya Februari iliyofungiwa milango, kwa hiyo kipimajoto cha kawaida kinachoning'inizwa ukutani hakisemi lolote la maana juu ya hali ya mtu anayefanya kazi hapo.

Kinachohitajika ni vipimo vitatu. Cha kwanza ni balbu kavu, yaani joto la hewa la kawaida. Cha pili ni balbu nyevu, yaani kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji, ambacho huonyesha ni kwa kiasi gani jasho linaweza kukauka. Cha tatu ni tufe jeusi, ambalo hupokea joto linalorushwa na mwamba na mitambo. Mahali pasipo na jua, kipimo mseto ambacho vifaa vingi hukiandika WBGT hupatikana kwa kuchukua asilimia 70 ya balbu nyevu na asilimia 30 ya tufe. Balbu nyevu ikiwa nyuzi 28 na tufe nyuzi 33, jibu ni 29.5. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243, katika toleo la mwaka 2017, kinamwekea mtu aliyezoea joto na anayefanya kazi ya wastani kikomo cha rejea cha nyuzi 28, na asiyezoea nyuzi 26. Kwa kazi nzito vikomo hivyo hushuka hadi 26 na 23. Kwa hiyo mahali hapo, ambapo kipimajoto cha ukutani huenda kingeonyesha nyuzi 32 na kila mtu akaridhika, kazi ya kufunga nondo za kuushikilia mwamba usianguke imekwisha kuvuka mpaka.

Afrika Kusini, ambako migodi ya dhahabu ya Witwatersrand imepambana na jambo hili tangu mtu wa kwanza alipoandikwa kufa kwa kiharusi cha joto mwaka 1924, hutumia balbu nyevu ya nyuzi 27.5 kama mahali ambapo mgodi lazima uwe na mpango maalumu wa kusimamia joto, na nyuzi 32.5 za balbu nyevu au 37 za balbu kavu kama mahali ambapo kazi za kawaida hazifanywi. Mimi hutumia namba hizo katika upangaji kwa sababu balbu nyevu ni rahisi kuikadiria kabla handaki halijachimbwa. Namba za kisheria zinazobana mgodi wako zithibitishe kwa Tume ya Madini na kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na zile zilizo kali zaidi ndizo ziingie kwenye ratiba.

Tani hushuka katika nusu ya pili ya zamu, ingawa mashine zote ni nzima

Hii ndiyo dalili inayopotosha kuliko zote, kwa kuwa hufanana na uvivu. Ripoti huonyesha saa nne za kwanza nzuri, kisha mizunguko ya malori inarefuka, waendeshaji wanaomba kupumzika mara nyingi zaidi, na mwishoni msimamizi anasimamisha kazi au anaendelea kwa mashaka. Ofisini huulizwa swali la nidhamu. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: dizeli kiasi gani inachomwa katika eneo hilo, na hewa kiasi gani inapita hapo?

Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Zinazobaki hutoka moja kwa moja kama joto, na ile theluthi ya kazi nayo, isipokuwa sehemu inayonyanyua mawe, huishia kuwa joto la breki, matairi na msuguano. Kwa hesabu ya mpangaji, inatosha kukumbuka kwamba lita moja ya dizeli hutoa takriban kilowati-saa 10 za joto. Hiyo maana yake ni kwamba daftari la mtoa mafuta ni kipimajoto kizuri kuliko vingi, nalo tayari lipo.

Chukua mfano wa njia ya mteremko inayopata hewa mita za ujazo 65 kwa sekunde. Humo kuna mashine moja ya kupakia kifusi yenye kilowati 250 na malori mawili ya kilowati 400 kila moja, jumla kilowati 1,050. Kanuni za Ontario nchini Kanada hudai mita za ujazo 0.06 za hewa kwa sekunde kwa kila kilowati ya dizeli. Kwa kipimo hicho tunahitaji 63, na tunazo 65. Mashine zikifanya kazi kwa wastani wa nusu ya uwezo wake, huchoma karibu lita 150 kwa saa, yaani joto la kilowati 1,500. Hewa hiyo ina uzito wa takriban kilo 75 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilo inabebeshwa kilojuli 20. Katika hali ya joto tunayoizungumzia, kila kilojuli nne na nusu kwa kilo hupandisha balbu nyevu kwa takriban nyuzi moja. Hewa iliyoingia ikiwa na balbu nyevu ya nyuzi 23 inatoka ikiwa na 27.4.

Sasa ongeza lori la tatu. Hewa inayotakiwa inakuwa mita za ujazo 87, ambazo hatuna. Joto linapanda kufikia karibu kilowati 2,070, na balbu nyevu inafika zaidi ya nyuzi 29. Hakuna mashine iliyoharibika, hakuna mtu aliyezembea. Lori moja katika seli moja ya jedwali limeuhamisha mgodi kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu mwamba na maji navyo huchukua au kutoa joto, lakini kwa uamuzi wa kuongeza au kutoongeza lori inatosha.

Lori hilo la tatu niliwahi kulipanga mimi. Eneo jingine lilikuwa limechelewa, nami nikayahamishia magari mahali palipokuwa na mawe tayari. Msimamizi wa zamu alinipigia simu jioni ile ile. Aliniambia, "Injinia, magari umeniletea matatu, hewa yangu ni ile ile ya mawili." Nikamjibu, "Mzee wangu, ni siku mbili tu, tuzibe lile pengo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku mbili ni zamu nne, na kila zamu ina vijana wangu." Lori liliondolewa asubuhi iliyofuata, baada ya zamu moja ambayo kwa kusimama mara kwa mara ilitoa mawe machache kuliko zamu za malori mawili. Nashukuru kwamba hatukulipa zaidi ya hapo.

Marekebisho yenyewe si magumu. Gawanya mgodi katika maeneo ya hewa, na kila eneo lipewe kikomo cha kilowati za dizeli, kinachotokana na hewa iliyopimwa na siyo hewa ya kwenye mchoro. Kikomo hicho kiwe kizuizi ndani ya programu ya ratiba, kama idadi ya mashine za kuchoronga ilivyo kizuizi, ili programu yenyewe ikatae kuweka shughuli mbili nzito mahali pamoja. Panga upakiaji wa eneo moja uendane na uchorongaji wa eneo jingine, kwa kuwa mashine ya kuchoronga hutumia umeme muda mwingi wa kazi. Na pale mgodi unapofikiria kununua mitambo ya betri, hesabu ya joto iingizwe katika uamuzi, maana kwa kazi ile ile mtambo wa umeme hutoa takriban theluthi ya joto la mtambo wa dizeli.

Handaki lilikuwa jema mwezi uliopita, sasa halikaliki

Handaki husonga mbele kila siku. Bomba la hewa halisongi lenyewe. Sababu ya kawaida ni kwamba ratiba ina mistari ya kuchoronga, kulipua, kupakia na kufunga nondo, lakini haina mstari wa kurefusha bomba la kitambaa, wala wa kuziba matundu yake. Shughuli isiyo na mstari haina muda, na isiyo na muda hufanywa kwa kuibia. Matokeo ni kwamba feni inasukuma, tuseme, mita za ujazo 30 kwa sekunde, na penye uso wa mwamba zinafika 18, zilizobaki zikiwa zimevujia njiani.

Jibu linalopendekezwa haraka ni kuongeza kasi ya feni. Kabla ya kulikubali, kumbuka kwamba nguvu inayotumiwa na feni hukua kwa kipeo cha tatu cha wingi wa hewa: kuongeza hewa kwa asilimia 20 kunadai nguvu zaidi kwa takriban asilimia 73, na karibu nguvu hiyo yote huishia ndani ya hewa ile ile kama joto. Kushona matundu, kunyoosha kona za bomba na kulisogeza karibu na watu kwa kawaida huleta faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mwendo wa hewa mwilini una thamani yake peke yake: kutoka hewa iliyotulia hadi mita moja au moja na nusu kwa sekunde, mwili hupata ahueni kubwa bila nyuzi hata moja kupungua, kupita hapo faida huwa ndogo, na vumbi huanza kutimka.

Ikiwa bomba ni zima na hewa inafika, tazama kina. Hewa inayoshuka hubanwa na uzito wake, na kwa kila mita 1,000 balbu kavu hupanda kwa takriban nyuzi 9.8 pasipo maji kugeuka mvuke, na balbu nyevu kwa takriban nyuzi 4. Mwamba nao huwa na joto zaidi kadiri unavyoshuka. Mponeng huko Afrika Kusini, katika kina kinachokaribia kilomita 4, mwamba hupita nyuzi 60. Migodi yetu haijafika huko, lakini kanuni ni ile ile, na tena uso uliolipuliwa jana hutoa joto zaidi kuliko ukuta wa mwaka jana uliokwisha kupoa. Maana yake ni kwamba kuharakisha uchimbaji wa handaki kwenda chini huongeza joto mara mbili, kwa kina na kwa upya wa mwamba. Mitambo ya kupoza hewa imekuwepo tangu ule wa Morro Velho nchini Brazili, karibu mwaka 1920, lakini mtambo wa namna hiyo huchukua miaka kutoka wazo hadi hewa baridi. Mpango wa maisha ya mgodi unapaswa kuonyesha ni katika kina gani hewa peke yake haitatosha, na uonyeshe mapema kiasi cha kuwawezesha wenye fedha kuamua kabla watu hawajafika hapo.

Wanaougua wengi ni waliorudi kutoka likizo

Weka tarehe za matukio ya joto kando ya orodha ya mzunguko wa zamu. Mara nyingi utaona matukio yamekusanyika katika siku tatu au nne za mwanzo. Mwili huchukua kati ya siku 7 na 14 za kufanya kazi kwenye joto ili kuzoea: jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi na lenye chumvi kidogo zaidi, na moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile. Uzoefu huo huanza kupotea ndani ya siku chache za kukaa mbali. Aliyepumzika wiki mbili anarudi akiwa na ujuzi wake wote, lakini mwili wake umekwisha kusahau sehemu ya ulichojifunza. Wala kupumzikia Dar es Salaam katika joto la kaskazi si mbadala, kwa kuwa kinachouzoesha mwili ni kufanya kazi joto likiwepo.

Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hupendekeza kwamba mtu mwenye uzoefu anayerudi akae kwenye joto asilimia 50 ya muda wa kazi siku ya kwanza, 60 siku ya pili, 80 siku ya tatu, na muda wote siku ya nne. Mfanyakazi mpya huanza na asilimia 20 na kuongezewa zisizozidi 20 kila siku. Wapangaji wengi huziogopa namba hizi wakidhani zitabomoa uzalishaji, kwa hiyo tuzihesabu.

Kikosi cha watu 12 wote wakirudi Jumatano moja, siku ya kwanza una nguvu ya watu 6, ya pili 7.2, ya tatu 9.6. Umepoteza zamu-mtu 13.2, na siku ya kwanza hiyo kikosi ni nusu. Ukiwarudisha wanne wanne katika wiki tatu tofauti, kila kundi linapoteza zamu-mtu 4.4, na jumla inabaki 13.2 ile ile. Lakini hakuna siku ambayo kikosi kimeshuka chini ya nguvu ya watu 10. Hasara haikupungua, imesambazwa, na ratiba inaweza kuibeba. Muda uliobaki wa wanaorudi ujazwe kwa kazi za maeneo ya baridi: mafunzo, ukaguzi wa vifaa, kazi za njia ya hewa inayoingia. Ninapotakiwa kuchagua, huu ndio mstari wa kwanza ninaouingiza katika ratiba ya mgodi wenye joto, kabla hata ya kikomo cha dizeli, kwa kuwa haudai kununua chochote.

Mwendeshaji wa kabini yenye kiyoyozi ameanguka

Tukio hili huwashangaza watu, kwa maana yeye ndiye aliyedhaniwa kuwa salama kuliko wote. Kabini yenye kiyoyozi humlinda mwendeshaji, na kwa kumlinda humnyima nafasi ya kuzoea joto. Siku mashine inapokwama penye hewa inayorudi, yaani iliyokwisha kupita kwenye kazi na kubeba joto lake, anashuka kusaidia akiwa na mwili wa mtu mgeni, tena karibu na injini iliyochemka. Fundi anayeitwa kuitengeneza yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu kazi yake ni nzito, nafasi ni finyu, hewa imezibwa na mashine yenyewe, na kila mtu anamuuliza atamaliza saa ngapi.

Matengenezo ya dharura hayawezi kupangiwa tarehe, lakini yanaweza kupangiwa utaratibu. Mashine ivutwe hadi penye hewa safi kabla ya kufanyiwa kazi, kila inapowezekana, na ratiba iwe na saa za akiba za kuivuta. Isipowezekana, mafundi wawe wawili wanaopokezana, pima WBGT hapo hapo, na mwendeshaji asihesabiwe kama msaidizi wa fundi. Mtu asiachwe peke yake kamwe mahali pa joto. Wa kwanza kugundua kwamba mtu anachanganyikiwa huwa ni mwenzake, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui.

Joto hupanda ghafla baada ya kulipua, au pale palipolowa

Hapa maelezo ni mafupi. Baruti hutoa joto, lakini kifusi cha moto kinachomwagiwa maji hutoa zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na kama mvuke. Muda wa kurudi baada ya mlipuko usihesabiwe kwa gesi tu; uhesabiwe pia kwa balbu nyevu. Maji ya moto yanayotoka kwenye mwamba yasitiririke wazi kando ya njia ya hewa inayoingia. Yaingizwe ndani ya bomba au mfereji uliofunikwa. Shimo lililojazwa kwa mchanganyiko wenye saruji nalo hutoa joto saruji inapoganda, kwa hiyo usipange watu wa kazi za mikono upande ule hewa yake inakotokea katika siku za mwanzo.

Maji yapo, watu wanakunywa, bado wanaishiwa nguvu

Kikombe kimoja, karibu mililita 250, kila dakika 15 hadi 20 kinafaa zaidi kuliko chupa nzima wakati wa mapumziko, na mtu asipite takriban lita 1.5 kwa saa, kwa sababu maji mengi bila chumvi huipunguza chumvi ya damu kufikia kiwango cha hatari. Wengi huanza zamu wakiwa tayari wamekauka. Mkojo wenye rangi nzito asubuhi ni onyo la kutosha. Vinywaji vya kuongeza nguvu havifai badala ya maji. Angalia pia dawa: baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, na baadhi ya dawa za mafua na mzio, hupunguza uwezo wa mwili kustahimili joto. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai uchunguzi wa afya kabla ya kuajiriwa na wa mara kwa mara, na uchunguzi huo ndio mahali pa kuuliza maswali hayo kwa siri na kwa heshima.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kupangwa mapema, kwa maana tarehe zake zinajulikana na wafanyakazi wetu wengi hufunga. Kumwambia mtu afungue si kazi ya mpangaji, na kumwacha ashuke kwenye nyuzi 29 za balbu nyevu bila maji tangu alfajiri si jambo la kukubalika. Njia iliyonifaa ni kuwapa wanaofunga na wanaotaka nafasi ya kwanza ya zamu ya usiku, ambayo inawaruhusu kufuturu, kunywa maji muda wote wa kazi na kula daku kabla ya mwisho wa zamu. Wanaobaki mchana wapewe kazi za maeneo ya baridi. Jambo hili lizungumzwe na wawakilishi wa wafanyakazi na daktari wa mgodi walau mwezi mmoja kabla, mzunguko wa zamu ukiwa bado haujafungwa.

Vipimo vyote kwenye ripoti ni vizuri, lakini watu bado wanaugua

Ukiona namba zinazofanana kila zamu, uliza zilipimwa wapi na saa ngapi. Mara nyingi zimechukuliwa mwanzo wa zamu, kwenye njia ya hewa inayoingia, karibu na mahali gari la mpimaji linapogeuzia. Pima pale mtu anaposimama, mashine zikiwa zinafanya kazi, na kitambaa cha balbu nyevu kikiwa kisafi na chenye maji. Tufe la kawaida la milimita 150 linahitaji takriban dakika 20 kutulia, kwa hiyo kipimo cha haraka haraka huonyesha joto la mahali pa awali. Kipimo kirudiwe kila saa mbili, na mara tu idadi ya mashine inapobadilika.

Kisha angalia kama msimamizi ana mamlaka ya kusimamisha kazi bila kupiga simu. Ratiba isiyo na saa za kusimama humweka msimamizi mahali ambapo lazima avunje ama ratiba ama kanuni, naye ataandika namba inayomwokoa. Katika jedwali la wiki ninalolituma sasa, kila eneo la hewa lina safu nne kando ya tani: kilowati za dizeli zinazoruhusiwa, balbu nyevu inayotarajiwa, nyuzi ambazo kazi husimama, na saa za akiba zilizotengwa kwa kusimama huko. Saa hizo zimekwisha kutolewa kwenye lengo la tani kabla jedwali halijatoka Dar es Salaam, kwa hiyo msimamizi anayezitumia hadaiwi maelezo.